Dada Alipobonyeza Kataa

Nianze na kitufe, kwa sababu bila hicho nisingeandika hata mstari huu. Ni cheusi, upana wake kama mdomo wa kikombe cha chai, na kimefungwa kwa plasta kwenye mkono wa kiti changu cha magurudumu, upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapofika. Kidole hicho ndicho kilichobaki. Kiharusi kilinikuta asubuhi moja nikiwa dukani kwangu mjini, duka la kuchapa barua na kutengeneza kompyuta, kikachukua miguu, mikono, shingo na ulimi. Kikaniachia kidole gumba kinachoshuka kidogo tu, macho mawili, na akili yote. Wageni husahau hilo la mwisho. Wengine hunipigia kelele kama mimi kiziwi, wengine huongea juu ya kichwa changu kama mimi kabati.

Waya wa kitufe unaingia kwenye kompyuta iliyo mbele yangu. Kwenye skrini kuna herufi, na mwanga mdogo unazipitia moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye herufi ninayoitaka, nabonyeza. Sentensi ikitimia, kompyuta inaisoma kwa sauti. Ni kazi ya kuchosha. Nikiomba maji kwa njia hiyo, mtu mwingine angekuwa ameshayachota, ameyachemsha na yamepoa. Lakini yanayotoka ni maneno yangu, na hakuna anayenitungia.

Kabla ya kitufe nilikuwa na macho peke yake. Kutazama juu ni ndiyo, kutazama chini ni hapana. Hospitali walitufundisha hivyo, na watu wengi waliniambia nishukuru, maana wapo ambao hata hayo hawana. Nilishukuru. Lakini kuna kitu wenye ulimi hawakijui. Ubaya wa ndiyo na hapana ni kwamba mwingine ndiye anayechagua swali. Unaweza kukaa siku nzima ukiwa na jibu zuri kabisa, na asipatikane mtu wa kukuuliza.

Aliyekuwa akiniuliza ni dada yangu. Ni mkubwa wangu, tumetoka tumbo moja. Aliacha mume na watoto Mikese akaja kwangu Kihonda kuniuguza, akisema ni kwa wiki chache mpaka nipate nafuu. Nafuu haikuja, na wiki zikawa karibu miaka miwili. Ananiogesha, ananigeuza, ananilisha uji kijiko kwa kijiko. Ana haraka na ana mdomo. Mimi pia nilikuwa na mdomo, na tangu utoto tulikuwa hatupiki chungu kimoja bila kugombana. Baada ya kitufe tuliendelea kugombana, yeye kwa kinywa na mimi kwa kidole, na naapa kwamba siku nyingine nilishinda.

Sasa, mwaka huo, kabla ya mvua za vuli, mjomba alituma salamu kutoka mlimani kwamba anashuka kufanya kikao. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamke asiye na mume akiugua, mwenye neno la mwisho ni mjomba wake. Ajenda ilikuwa mimi. Walitaka kunihamishia mlimani, juu ya Kinole, kwa mama mdogo. Sababu zao zote zilikuwa nzuri na ndiyo maana ziliniudhi. Hewa safi. Ndugu wengi wa kupokezana. Ndizi za bure. Na dada angerudi kwake.

Milima naipenda, isieleweke vibaya. Nikiwekwa dirishani asubuhi naiona yote kuanzia chini mpaka wingu linapoanza, na kuna siku hiyo ndiyo inayonifanya nitake kuendelea kuwapo. Lakini nyumba ya mama mdogo imekaa kwenye mteremko ambao hata mbuzi anatazama pa kukanyaga. Pikipiki inakuacha chini, kisha unapanda kwa mguu. Mimi ningepandishwa kwa machela, na nisingeshuka tena mpaka siku ya kuzikwa, na hata hiyo siku ningezikwa huko huko. Umeme ulikuwa umefika shuleni na kwenye zahanati, kwake bado. Bila umeme hakuna kompyuta, na bila kompyuta hakuna neno. Ningelala kwenye chumba kinachonukia karafuu nikijibu ndiyo na hapana mpaka mwisho. Niliogopa sana, na sikuwa na hata uwezo wa kutetemeka.

Tumaini langu lilikuwa zamu. Kikao cha mjomba kina utaratibu wake na hakivunjwi. Anaanza na mdogo au mkubwa, atakavyo, anazunguka mtu hadi mtu. Kila mmoja anatoa neno lake kwa kinywa chake. Hutumi mtu akusemee, wala huandiki karatasi ikasomwa. Zamu yako ikipita umekaa kimya, umekubali, na mjomba harudi nyuma. Watu wazima wamepoteza mashamba kwa kikohozi kilichowabana wakati wa zamu yao.

Kompyuta yangu mjomba alikuwa ameikubali kuwa kinywa, kwa shingo upande. Mara ya mwisho aliposhuka nilimwamkia kwayo, naye akaitika marahaba, lakini akacheka. Sauti ile ilikuwa ya kizungu, inasoma Kiswahili kwa kukivunja mbavu. "Huyu mzungu wenu kapotea njia," alisema. Nilikumbuka kicheko hicho nilipokuwa naandaa hotuba yangu ya kikao. Niliiandika kwa siku kadhaa na kuihifadhi, ili siku hiyo nibonyeze mara moja tu isomwe yote. Niliiandika nikiwa na hasira, na humo ndani nilimshughulikia dada. Nilisema anataka kunitupa ili arudi kwa mume wake, na ukoo usimsikilize. Nikaona aibu hotuba kali namna hiyo isomwe na mzungu aliyepotea.

Kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu, fundi niliyewahi kufanya naye kazi dukani na sasa yuko Dodoma, anibadilishie programu. Lilikuwapo toleo jipya lenye sauti ya mwanamke wa Kiswahili. Aliingia kwenye kompyuta yangu kwa njia ya intaneti, na mshale ukaanza kutembea peke yake kwenye skrini. Dada alipita mbele ya skrini na beseni la vyombo akasema, "Mwizi kaingia tena." Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Miezi michache kabla, mtu alimpigia simu akajifanya wa huduma kwa wateja, akamwongoza kwa upole, bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, sasa ruhusu, akakomba kila kitu kilichokuwamo kwenye simu yake. Tangu hapo dada aliapa. Kitu chochote kinachoomba ruhusa, yeye anakataa.

Toleo jipya lilikuja limefungwa. Sitaki kuchosha mtu na ufundi, lakini hili lazima nilieleze. Zamani programu ukishaiweka kwenye kompyuta inatembea nyumba nzima, inafungua kabati lolote. Siku hizi programu nyingi zinafungiwa, kila moja kwenye chumba chake. Haioni mafaili ya jirani, haioni kamera, haioni kifaa kilichochomekwa kwa waya, mpaka mwenye nyumba aulizwe na akubali. Ni utaratibu mzuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nausifia kwa wateja dukani, nikiwaambia kwamba virusi vikiingia vitaozea humo humo chumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba mwenye nyumba anaweza kuwa mtu ambaye mkono wake pekee ni hicho kifaa kinachoombewa ruhusa.

Rafiki alipokaribia kumaliza, umeme ukakatika. Intaneti ikafa, mshale ukasimama. Kompyuta iliendelea kwa betri, na programu mpya ikafunguka yenyewe, nzuri, herufi kubwa, rangi tulivu. Juu yake kikatokea kisanduku. Nilikuwa nimeiweka kompyuta kwa Kiswahili, kwa hiyo dada aliweza kukisoma. Programu hii inataka kutumia kifaa kilichounganishwa kwenye kompyuta yako. Chini yake maneno mawili, Kataa na Ruhusu.

Nilibonyeza kitufe. Hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena, kisha nikaelewa. Kitufe ndicho kifaa chenyewe. Ili niseme ndiyo nilihitaji kitufe, na ili kitufe kifanye kazi nilihitaji kusema ndiyo.

Dada alikuja akifuta mikono kwenye khanga. Akainama, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, jinsi anavyosoma kila kitu. Mimi niliinua macho juu mpaka mishipa ikauma. Ndiyo. Ndiyo. Lakini alikuwa anatazama skrini, hakuwa ananitazama mimi.

"Inataka kutumia kifaa," alisema. "Kifaa cha nani? Toka hapa, mwizi mkubwa wewe."

Akapeleka kidole kwenye kibao cha kusogezea mshale, akakitafuta kisanduku, akabonyeza Kataa. Kisha akanipigapiga begani. "Nimekuokoa, mdogo wangu. Wangekukomba."

Mfumo ule una adabu kupita kiasi. Ukishaambiwa hapana, hauulizi tena. Programu ilikaa pale mbele yangu na herufi zake na sauti yake mpya, haina mlango wa kunisikia. Hotuba yangu, ambayo rafiki alikuwa ameshaihamisha, ilikuwa humo ndani, kamili, na ningeweza kulitazama jina lake kutwa nzima.

Haikumchukua dada muda kujua kuna kitu kimeharibika. Umeme uliporudi alisubiri nianze kulalamika kama kawaida, na sikulalamika. Akampigia rafiki yangu, akatoka na simu barazani. Nilisikia sauti yake ikianza vizuri, kisha ikapanda. Aliporudi alikuwa amefura.

"Ananiambia nibonyeze hapa, halafu nibonyeze pale, halafu niruhusu. Maneno yale yale! Nimemkatia. Hata sauti sikuitambua, nani anajua kama ni yeye?"

Alikuwa ni yeye. Ningemwambia hivyo kwa macho kama angeniuliza, lakini hakuuliza, aliniarifu. Na jioni ile rafiki yangu aliondoka na gari la kazi kwenda kufunga vifaa kwenye shule za vijijini, mbele ya Dumila, ambako simu hazishiki. Dada alijaribu tena siku iliyofuata, kwa kunihurumia, na simu haikupatikana. Kikao kilikuwa Jumapili inayofuata.

Siku hizo sizisahau, ingawa hakuna kilichotokea ndani yake. Kulikuwa na jua, kisha kivuli cha dirisha, kisha uji. Dada aliniuliza maswali yake. Una njaa? Chini. Unaumwa? Chini. Unataka nikugeuze? Chini. Unataka taarabu? Chini, chini, na kama macho yangekuwa na matusi ningeyatoa. Niliikodolea macho skrini ili naye aitazame, akaifuta vumbi.

Mara moja alikumbuka ule utaratibu wa hospitali wa kutaja alfabeti nami niinue macho kwenye herufi. Nilifurahi nikataka kulia. Tulianza. Nilitaka neno mipangilio, maana hapo ndipo ruhusa zinapokaa, unafungua, unaitafuta programu, unarudisha ulichokikataa. Kazi ya dakika moja kwa mwenye mikono. Tulipata M. Tukapata I. Tukapata P, kisha A, na dada, ambaye maisha yake yote hajawahi kumwacha mtu amalize neno, akapiga makofi.

"Mipango! Mipango ya safari! Usiwaze, nimeshapanga kila kitu. Machela ipo, vijana wa kubeba wapo."

Nilitazama chini. Chini kabisa, mpaka nikayaona magoti yangu. Alishanyanyuka kwenda kuipua wali.

Usiku na mchana nilikuwa na wazo moja tu, na nitalisema lilivyokuwa. Nilijiambia amefanya makusudi. Anajua nitasema nini kwenye kikao, na amepata njia ya kunifunga mdomo bila kuonekana mbaya. Hata huko kuogopa wezi nilikuona ni maigizo. Aliponiosha uso nilifumba macho ili nisimwone. Nilimchukia, na chuki ya mtu asiyeweza hata kununa vizuri ni mbaya, haina pa kutokea.

Kisha ikaja Alhamisi. Alikuwa barazani anachambua mchicha, simu kaibana kwa bega, anaongea na mume wake. Dirisha lilikuwa wazi na kiti changu kilikuwa chini yake. Nadhani kwa kuwa sikuwa na sauti wiki ile, alisahau kwamba nina masikio. Watu wote husahau, kwa nini yeye asisahau.

"Baba watoto, mimi nimefungwa hapa," alisema. "Sina pa kwenda. Nikienda sokoni naenda mbio, nikilala nalala nusu. Kuna asubuhi naamka naomba nimkute hajaamka. Mungu anisamehe, ni mdogo wangu, lakini naomba hivyo."

Mume wake alisema kitu. Nilisikia mchicha ukiendelea kukatika mikononi mwa dada. Alilia kidogo, bila kelele. Baadaye aliingia na uji, akaupuliza kila kijiko kabla hajaniwekea mdomoni, na akanisimulia kwamba nyanya zimepanda.

Nilitarajia hasira inipande, na haikupanda. Kilichonishika ni lile neno, nimefungwa. Nilikuwa nimelimiliki, nikidhani katika nyumba ile ni langu peke yangu. Na nilijua pia, kwa kumsikia, kwamba hakubonyeza Kataa kwa hila. Mwenye hila hasahau kufunga dirisha.

Jumapili mjomba alifika na mama mdogo, wamebeba ndizi na mdalasini. Mjomba ni mzee mfupi, mkavu, anayependa mambo yaende kwa mstari. Alisimama mbele yangu akasubiri shikamoo yake. Haikuja. Alisubiri tena kidogo, akatikisa kichwa. "Leo mzungu hanisalimu?"

"Mashine imegoma, mjomba," dada alisema haraka, akamwekea kiti.

Tulikaa sebuleni kwangu, kwenye viti nilivyonunua mimi. Walikunywa chai. Mjomba alifungua kikao kwa dua fupi, akaeleza lililotuleta, akaanza zamu na mama mdogo. Mama mdogo alisema vizuri. Chumba kipo, wajukuu wapo, maji yanatiririka hapo nyuma ya nyumba, na mgonjwa anatakiwa alale karibu na makaburi ya mama zake. Zamu ikafika kwa dada. Alisema, akitazama mkeka, kwamba amefanya alivyoweza, nguvu zimemwishia, na anaona nikipelekwa mlimani itakuwa heri kwa wote. Hakuniangalia.

Kisha mjomba akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Una neno?"

Nilisikia friji. Nilitazama chini kwa nguvu zote, hapana, hapana, lakini mjomba hajui lugha ya macho. Anaona mgonjwa anapepesa. Nilibonyeza kitufe, kikalia ki, ki, ki, plastiki tupu. Mama mdogo akasema kwa upole, "Hana neno." Machozi yakaanza kunitoka, na machozi ndiyo kitu pekee mwilini mwangu kinachotoka bila kuombwa. "Ya furaha hayo," alisema mama mdogo. "Anarudi nyumbani."

"Haya," mjomba alisema, akaweka kikombe chini. "Zamu imepi—"

"Haijapita." Ni dada. Alikuwa amesimama. "Si ya furaha hayo, huyu namjua. Ana neno, mjomba. Mimi ndiye niliyemfungia."

Mjomba alikunja uso. Dada alieleza yote, kisanduku, Kataa, simu aliyoikata. Alieleza vibaya na kwa kuchanganya, lakini alieleza, na kila sentensi ilimsogeza mbali na Mikese. Nilijua naye anajua. Mjomba alimuuliza kwa nini hakurekebisha mapema kama dawa ilikuwa ni kupiga simu.

"Niliogopa, mjomba. Nikiwa peke yangu wataniibia tena. Sasa mpo. Mwizi wa simu hapendi mashahidi."

Alipiga. Namba iliita. Rafiki yangu alikuwa Dumila, njiani kurudi, anakula. Dada aliweka simu mezani ikisikika kwa wote, akamwambia bila hata salamu, "Niko na mjomba wangu na mama yangu mdogo hapa, kwa hiyo ujue." Rafiki alicheka, kisha akaanza. Fungua Mipangilio. Safari hii dada hakubonyeza kabla hajageuka kunitazama.

"Ni hapa?"

Juu.

"Sasa anasema Programu. Ni hii?"

Chini. Ni ya pembeni yake. Juu.

Tulikwenda hivyo, sauti ya Dumila ikisema, kidole cha dada kikisogea, macho yangu yakiidhinisha, mjomba ameinama nyuma yetu na miwani yake puani, anavizia dalili za wizi. Tulipata jina la programu. Tukapata orodha ya vitu ilivyokatazwa, na humo kifaa changu. Dada alisita. Alijua nitakachosema. Nilimwona anakijua. Akabonyeza.

Mwanga ukaanza kutembea juu ya herufi. Nilibonyeza kwenye salamu iliyohifadhiwa, kwa sababu mambo yana utaratibu. "Shikamoo mjomba," ilisema sauti ya mwanamke, Kiswahili kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Mjomba alishtuka, akarudi hatua. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Haya, neno lako."

Mwanga ulipita kwenye hotuba. Ilikuwa pale, bonyezo moja tu, na yote yangetoka kwa sauti nzuri, kunitupa kwake, mume wake, ukoo usimsikilize. Nilikiacha kidole kitulie. Mwanga ukazunguka, ukaipita tena. Mjomba akakohoa. Ilinibidi niandike upya, herufi kwa herufi, mbele za watu wanaosubiri, na sikumbuki kazi ndefu kuliko ile. Kwa kawaida dada hunidakia neno kabla sijalimaliza. Safari hii alikaa kimya mikono imepakatwa.

"Nabaki hapa," sauti ilisema. "Dada amechoka. Arudi kwake."

Mama mdogo aliinua mikono. Nani ataniogesha? Nani atanilisha? Nikaanza tena. Tafuteni mtu wa mtaani. Mama mdogo alikuwa na mengi ya kusema, lakini mjomba alimzuia. Zamu ilikuwa yangu na nimeitumia. Hakupendezwa. Alisema atashuka tena baada ya mavuno, na akinikuta mchafu au nimekonda, machela itapanda bila kikao. Ndiyo hali yangu mpaka leo, kila mavuno yakikaribia nalala vibaya.

Alipatikana mwanamke wa mtaa wa pili, mjane, aliyewahi kumuuguza mama yake. Dada alimfundisha kwa siku chache kunigeuza na kuupuliza uji. Kisha ikafika alasiri ya kufunga mizigo. Alikunja khanga zake kitandani kwangu, moja moja, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya chochote.

"Ulinifukuza mbele ya mjomba," alisema.

Nilianza kuandika, hakungoja.

"Najua, najua. Ulinifungulia. Wote wananiambia hivyo." Alilainisha khanga kwa kiganja. "Ile Alhamisi, nikiongea na baba watoto barazani. Kikaoni uliposema nimechoka, niliikumbuka. Ulinisikia?"

Mwanga ulitembea. Nilikuwa na herufi zote, na muda, na sauti nzuri isiyotetemeka. Niliandika taratibu, nikaiacha isome.

"Sikusikia kitu."

Dada aliitazama kompyuta, kisha akaigeuza upande, skrini ikaangalia ukuta. Akapiga magoti mbele ya kiti changu, uso wake karibu na wangu, akaniangalia machoni.

"Nakuuliza wewe."

Nikayafumba. Alikaa pale muda, nikisikia anavyopumua, kisha akanyanyuka, na nikasikia zipu ya begi.